Mwaka Nilipolala Katika Kaburi la Muzee Chisenga

Aliyenivunja taya ndiye aliyeniletea kiti. Tulifika kilioni kwa Mama Febronie jua limeshakuwa kali, miguu yetu imejaa vumbi jekundu la Kasungami, mjukuu wangu Solange akinishika kiwiko, na mara mwanamume mnene mwenye suti ya buluu na beji ya chama kifuani akaondoka katikati ya wakubwa. Walikuwa wamekaa chini ya turubai, kila mmoja kwenye kiti cha plastiki, isipokuwa yeye, aliyekalia kiti cha mbao ya mukula chenye mikono na mto mwekundu. Alikinyanyua kile kiti, akakipitisha juu ya vichwa vya wanawake waliokaa kwenye mikeka, akakiweka mbele yangu, akainama. "Nkambo, ikala," akasema. "Hii kiti iko yako." Anaitwa Tino. Siku hizi yeye ni naibu wa mwenyekiti wa chama, picha yake imebandikwa kwenye kuta mpaka kwetu kwenye mashamba ya mahindi, na watoto wanaimba jina lake ili wapewe fulana. Nilikaa. Mto ulikuwa bado na joto la matako yake. Nilipofungua kinywa kusema asante, taya yangu ililia kama bawaba, vile inavyolia kila ninapotafuna, na yeye aliusikia ule mlio, najua aliusikia, maana alitazama viatu vyake. Ndipo nikahisi kwamba Solange ameuachia mkono wangu na amerudi nyuma, nyuma kabisa, kama mtu aliyeona nyoka lakini hataki kumshtua.

Wenye kusoma wanasema mtu hufanywa akiwa kijana. Mimi katika ujana sikufanywa kitu. Niliolewa, nilizaa, nilipika. Baba na mama yangu siwaingizi humu, walikufa salama na hawakujua siasa. Mimi nilifanywa nikiwa tayari nkambo, bibi wa wajukuu, mvi kichwani, magoti yanauma, katika mwaka ule mmoja ambao chama chetu kilibadilisha wakubwa kwa vyuma na miguu ya mabenchi. Kabla ya mwaka ule nilikuwa nawaogopa watu wanaosema Kifaransa. Baada yake sijaogopa mtu, na asiyeamini aje Kasungami aulize ni nani aliyemfukuza mkuu wa mtaa kwa mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu, alipokuja kupima shamba langu.

Nyumba ya chama tuliiita permanansi. Ilikuwa nyumba ya kupanga kule Katuba, vyumba vinne na ua, sebule imejaa mabenchi, na ukutani picha ya Muzee Chisenga aliyekianzisha chama, imewekewa maua ya plastiki kana kwamba alikuwa amekufa tayari. Mimi nilikuwa mkubwa wa jiko. Nilikuwa na mbabula zangu tano, majiko ya makaa, nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba cha mikutano, na kando yake stoo ya magunia ya unga. Chama kinachokula ni chama kinachoishi, na chetu kilikula: bukari kubwa kama kichwa cha mtoto, sombe ya majani ya muhogo yenye karanga, samaki wa tomsoni waliokaangwa mpaka mapezi yakawa kama biskuti. Mama Febronie, dada ya Muzee, ndiye aliyeongoza wamama wa ngoma. Tulishona vitenge vya sare, tulicheza mbele ya kila mgeni, jioni tulirudi na miguu imevimba tukicheka. Na kwa kuwa dirisha lilikuwa juu ya masufuria yangu, hakuna neno lililosemwa na wakubwa ambalo halikupita katika moshi wangu kwanza.

Wakubwa walikuwa wawili chini ya Muzee, na Muzee alikuwa mgonjwa wa sukari, mguu mmoja umeanza kuoza. Wa kwanza ni Metre Odile, mwanasheria, mtoto wa watu waliotoka Kasai na kukaa hapa Lubumbashi miaka na miaka. Mwanamke mwembamba, kisigino kirefu, anatema Kifaransa kama anayetema mbegu za chungwa. Katiba ya chama ilisema Muzee akianguka, anayepanda ni Metre. Wa pili ni Enjenyere Donatien, mtoto wa Mama Febronie. Na sisi watu wa upande wa Sakania tunajua: akifa mwanamume, anayerithi ni mtoto wa dada yake. Vijana wote wa chama walikuwa wa Donatien, na Tino ndiye alikuwa mbwa wao wa mbele. Kwa hiyo katika nyumba moja mlikuwa na sheria mbili, na kila mmoja aliona kiti cha Muzee kama chake. Walikuwa wanatafuta tu kitu cha kugombania ambacho kisingeitwa kiti.

Wakakipata. Serikali ilikuwa imetoa katika gazeti lake lile patano la nchi za Afrika, linalosema mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu akapata mimba anaweza kutolewa ile mimba hospitali bila kufungwa. Mapadri walihubiri juu yake, redio zikalia, na chama kikaambiwa kiseme kiko upande gani. Nilikuwa nakoroga bukari nilipomsikia Metre juu ya kichwa changu. "Mwanamuke mwenye balishika kwa nguvu, serikali inamufungulia mulango," alisema. "Siye tunamufungia juu ya nini?" Donatien akamjibu kwamba akitaka kwenda misa na damu mikononi aende peke yake. Mtu mwingine akauliza kama huko kwao Kasai ndivyo wanavyofanya, wakacheka, na Metre akamwambia yeye alizaliwa hospitali moja na huyo anayecheka, amuulize mama yake. Halafu sauti ya Muzee, ya kuchoka: "Kwanza tukule." Kila mara waliposhikana makoo juu ya mimba, Muzee alisema kwanza tukule, nami niliingiza sahani, na mikono yao ilikutana ndani ya bukari ile ile ikitafuta kuuana.

Mimi nilikuwa upande wa Donatien. Nasema wazi, wala sioni haya. Nilibatizwa, nilijua kwamba mimba ni mtu, na nilicheza ngoma ya kumkataa Metre mbele ya permanansi, Mama Febronie kando yangu, viuno vyetu viwili kama kiuno kimoja. Tulimwimbia Metre kwamba tumbo lake ni ghala tupu. Alipita katikati yetu na kisigino chake, akaniambia kwa upole kwamba sombe ya jana ilikuwa na chumvi nyingi. Nilimpenda kidogo siku hiyo, kwa siri.

Mkutano wa kuamua uliwekwa siku ya Jumamosi, asubuhi. Tulipika tangu alfajiri. Solange alikuja kunisaidia. Alikuwa na miaka ishirini, anajifunza ushonaji, mrefu, mcheshi, anatembea kama mtu anayesikia muziki. Metre alisimama kusoma maneno yake. Hakumaliza ukurasa. Benchi la kwanza liliruka, likampata dereva wake jichoni, na lile jicho halikurudi tena. Muzee alisimama kusema neno lake la siku zote, akaanguka akiwa amefungua kinywa. Tulimbeba mimi, Mama Febronie na wanaume wawili, tukamtia kwenye gari, na mimi nikapanda kwa sababu kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukipokea. Nyuma yetu geti likafungwa. Waliobaki ndani walinisimulia baadaye. Vijana walivunja mabenchi, wakachukua miguu ya mabenchi, wakaanza kupiga kila aliyekuwa upande wa Metre: magoti, viwiko, midomo. Mwalimu mmoja mzee walimmwagia sufuria yangu ya mafuta ya tomsoni mgongoni, na ngozi ikatoka na shati. Metre walimvuta kwa nywele mpaka barabarani, kisigino kimoja kikabaki uani. Wanawake wa jiko walikimbia kwa kuruka ukuta, vigae vya chupa vilivyopandwa juu yake vikawachana. Wote, isipokuwa mmoja.

Nitasema hivi tu. Niliporudi mchana, moto wa mbabula umezimwa kwa damu na supu, nilimkuta Solange ndani ya stoo. Gunia lilikuwa limepasuka. Unga ulikuwa umemjaa mwili mzima, mweupe kama maiti anayeandaliwa, na juu ya unga damu. Alikuwa anatazama mlango. Nilimuuliza ni nani. Hakusema. Nilimuuliza siku ile, nikamuuliza wiki ile, halafu nikaacha kuuliza, kwa sababu kila nilipouliza alikuwa anashika mlango kwa macho tena.

Muzee alilala hospitali, hafi haponi. Metre alijificha, watu wakasema yuko Zambia. Donatien akakaa katika kiti cha Muzee, akatangaza redioni kwamba chama ni cha uzima, na vijana wake wakaanza kuzunguka mji. Popote waliposikia kwamba wanatoa mimba, walivunja madirisha. Nesi mmoja walimchapa kwa waya wa umeme mpaka akapoteza fahamu. Yule nesi kazi yake ilikuwa kuchanja watoto. Na katika siku zile zile Solange akaanza kutapika kila niliposhusha tomsoni kwenye mafuta. Tulikuwa wawili uani kwangu, Kasungami, tunachambua majani ya viazi. Aliweka jani chini. "Nkambo, iko mu tumbo yangu," akasema. "Sitaki. Kama haunisaidie, naenda kwa ule mama ya mizizi."

Yule mama wa mizizi nilimjua. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeingia nyumbani kwake pamoja na jirani yangu kumtoa Mado, binti wa jirani, aliyetolewa mimba kwa mizizi. Tulimtoa ndani ya mkeka, na mkeka ulidondoka damu njia nzima, tone kwa tone, na kuku wakaja kudonoa. Kwa hiyo Solange aliposema lile neno, sikufikiri juu ya padri, sikufikiri juu ya Donatien wala Metre wala ngoma yangu. Niliona kuku. Nilimwambia asikanyage kule, nitatafuta njia, na nilivaa viatu siku ileile.

Daktari wa hospitali niliyemfuata alikuwa kijana, mstaarabu, dirisha la ofisi yake lina kartoni mahali pa kioo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanionyesha kartoni. "Mama, sheria iko, mikono yangu iko," akasema. "Dirisha njo haiko. Ambia bale bijana ya chama yenu baniachie siku moja tu." Nikaenda permanansi. Donatien alikuwa anakula, chakula kilichopikwa na mwanamke mwingine, bukari laini kama uji. Nilimwambia yote. Alinawa mikono polepole, akasema hapo hakukufanyika kitu, kwamba ni Metre aliyenituma na zile habari, kwamba mimi ni mama wa Kanisa na nisijichafue. Tino alikuwa mlangoni anamenya karanga, mguu wa benchi kati ya magoti yake. Mwaka ule mzima hakuuacha, alikuwa ameufunga mpira mahali pa kushikia. "Nkambo, rudia ku mbabula," akasema. Nilichukua ile sahani ya bukari nikaifunika juu ya magoti ya Donatien, na mchuzi wake. Tino alinitoa kwa shingo. Alinisukuma na nikaanguka juu ya mbabula zangu mwenyewe, zimekaa pale zimezimika, jivu likaniingia machoni.

Siku chache baadaye Muzee Chisenga alikufa, na hapo niliona mlango wangu.

Lazima nieleze jambo moja. Kwetu koo zina watani wao. Muzee, Mama Febronie na Donatien ni wa ukoo wa Mamba. Mimi ni wa ukoo wa Samaki. Mamba anamla samaki, kwa hiyo tangu zamani sisi ni banungwe: naweza kumtukana mtu wa Mamba mbele ya mkwe wake, naweza kumvua kofia, na yeye haruhusiwi kukasirika. Na siku ya mazishi yake, mimi munungwe ndiye mwenye kaburi. Nashuka ndani, nalala, nakataa maiti asizikwe mpaka ukoo wake unilipe. Kwa kawaida ni mchezo. Naomba kuku, naomba shati la marehemu, watu wanacheka machozi yakiwatoka, halafu natoka. Lakini munungwe anaomba kitu kimoja tu, na akishalipwa, malipo hayarudi nyuma. Ukiyarudisha, umemwacha mtu wako bila kitanda chini ya ardhi.

Njia nzima ya makaburini nilikuwa napima. Kitu kimoja. Nilikuwa na haja ya viwili. Nilitaka waliofanya, nilitaka majina yao, nilitaka kuwaona wakiburuzwa kwa nywele kama Metre. Na nilitaka hospitali. Solange alikuwa nyumbani, nimemfungia mlango kwa nje ili asiende kwa mizizi, na nilipofunga nilisikia akiukwaruza. Nikaamua.

Kaburi lilichimbwa katika udongo mwekundu, kando ya kichuguu kikubwa. Maelfu ya watu, au walionekana hivyo kwangu. Vijana wote na fulana zao mpya. Padri alipomaliza nilitoa viatu, nikashuka, nikalala chali. Wazee wa Mamba walianza kucheka. "Ee Samaki, umeanza," mmoja akasema. "Omba, tukupe." Nilitazama juu. Kaburi linafanya mbingu kuwa ndogo, na kuzunguka ile mbingu palikuwa na vichwa. Nikasema sitaki kuku wala pesa wala shati. "Bijana ya Donatien baliharibu mujukuu yangu mu stoo ya permanansi, mu unga ya Muzee," nikasema. "Iko na mimba. Nataka Donatien aseme hapa mbele ya mama yake: siku Solange anaenda ku hopitali, hakuna kijana hata mumoja atakanyaga kule. Ni hii tu. Haseme, nalala humu mpaka Muzee anaoza juu ya jua."

Kicheko kilikatika kama uzi. Padri aliondoka. Donatien alianza hotuba, uzima, Mungu, chama, na sauti yake ilikuwa inashuka ndani ya shimo pamoja na chembe za udongo. Nilifunga macho. Halafu nikasikia Mama Febronie, rafiki yangu wa ngoma, ambaye alikuwa anachukia jambo lile kuliko wote waliokuwa pale. Alisema neno moja kwa mwanawe.

"Lipa."

"Mama, hii iko dhambi."

"Lipa. Kaka yangu iko anangojea."

Donatien akasema. Alisema kwa sauti ndogo, wazee wakamwambia arudie, akarudia kwa sauti kubwa. Wakanivuta kutoka kaburini kwa mikono, nikaondoka bila kujifuta. Nilijua hakuna mtu wa Mamba atakayenigusa. Kosa langu ni kwamba wale vijana hawakuwa wa Mamba. Walizaliwa Katuba, hawakujua munungwe ni nini. Kwao mimi nilikuwa kikongwe aliyemtukana mkubwa wao hadharani. Walinikuta nyuma ya kichuguu, mchana kweupe, nyimbo za mazishi bado zinasikika. Tino alikuwa mbele. Mguu wa benchi ulinijia kutoka upande wa kushoto na nikasikia mfupa kabla ya kusikia maumivu, kama mtu anavyosikia tawi likivunjika kwa jirani. Nilianguka na meno mdomoni. Walinipiga mbavu, mgongo, vidole nilivyokinga navyo kichwa. Nikawa nakula udongo ule ule nilioulalia. Sikulia. Waulize.

Kwa hiyo tulikwenda hospitali wawili, mimi na Solange, katika gari la kubebea makaa, mimi nimefungwa taya kwa kitambaa. Mimi niliyesema sana sikuwa na kinywa tena. Walinilaza kwenye benchi la ukumbi, mbele ya kile chumba. Solange aliingia, mlango ukafungwa. Na kwenye mlango ule, kwenye kizingiti chenyewe, alikuwa amepiga magoti Mama Febronie, nguo nyeusi ya matanga, rozari mkononi. Alikuwa amefika kabla yetu. Hakunisalimu. Alikuwa anasali, na nilisikia anamwombea yule mtoto ambaye hatazaliwa, anamwita malaika, anamwombea msamaha, machozi yanashuka mpaka kidevuni. Neno la Donatien lilikuwa limetolewa, lakini mwenyewe hakuwa bado amefika kulisimamia. Vijana walikuja. Niliona fulana zao kwenye mwanga wa mlango wa nje, niliona ule mpira mweusi kwenye mguu wa benchi wa Tino. Kwa heshima walimwambia mama wa mkubwa wao aondoke.

"Mi sipendi ile banafanya mule ndani," Mama Febronie akasema, bila kuinuka. "Nitalia juu yake mpaka nife. Lakini kaka yangu analala mu shimo yenye tulilipa na neno ya nyumba yetu. Hamupite."

Walidhani atatoka akitishwa. Mmoja alishusha fimbo kwenye mikono yake, ile iliyoshika rozari. Vidole vilivunjika, shanga zikatawanyika ukumbi mzima zikiruka kwenye sementi, na yeye akabaki pale pale, akaendelea na Salamu Maria mahali alipokuwa ameachia. Walimpiga tena. Damu ilipita chini ya mlango, ikaingia ndani. Nilijitupa kutoka kwenye benchi, nikatambaa, nikalala mbele ya magoti yake, kwa sababu kulala njiani ni kazi niliyoijua. Ndipo Donatien akafika, akaona mikono ya mama yake, na akapiga ukelele ambao sijausikia kwa mwanamume mwingine. Vijana walitoka mbio. Ndani, daktari alimaliza kazi yake. Solange alitoka ameshika ukuta, anatembea, hai. Alipitisha miguu yake juu yetu wazee wawili tuliolala mlangoni kama mbwa, halafu akarudi, akakaa chini katikati yetu, akaanza kuokota shanga.

Mengine ni marefu na sina haja nayo. Metre alirudi, akaondoka na nusu ya chama, sasa kila nusu inasema yenyewe ndiyo chama. Donatien alibaki mwenyekiti. Hakuna aliyefungwa. Juu ya mimba, nusu zote mbili siku hizi zinanyamaza, maana uchaguzi una Wakatoliki na una wanawake. Tino alipanda, kwa kuwa mtu mwenye mguu wa benchi daima anahitajika. Mama Febronie hakushika tena sindano wala mwiko. Vidole vyake vilipona vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Mpaka juzi tulibishana. Alikuwa anakuja Kasungami, namlisha bukari kwa mkono wangu kwa kuwa wake haukufunga vizuri, yeye ananiambia kwamba tulimwua mtoto, mimi namwambia tuliokoa mtoto, anafungua kinywa, namtia tonge lingine. Solange alipoolewa na kuzaa msichana, alimwita Febronie bila kutuuliza.

Sasa Febronie mkubwa alikuwa ndani ya jeneza, na mimi nilikuwa tena mwenye kaburi. Tulipoondoka kwenda makaburini Tino mwenyewe alikipakia kile kiti cha mukula kwenye lori, akakishusha, akaniwekea ukingoni mwa shimo, kamera zinamtazama. Nadhani aliona ni picha nzuri. Siwezi tena kushuka. Nilikaa na kutia miguu yangu tu ndani ya kaburi, na wazee wa Mamba waliobaki wakatabasamu, lakini wale wa chama waliacha kuongea. Donatien, mvi sasa, alisimama mbele yangu na kofia mkononi. "Omba, munungwe," akasema. Nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka ile rozari, ambayo Solange aliifunga upya kwa uzi wa cherehani. Nilifungua kinywa, taya ikalia.

Solange aliinama sikioni kwangu. Miaka yote ile hakuwa amenitajia mtu. "Nkambo," akasema, "niombee mi." Nikamuuliza aombewe nini. "Tino ashuke mu shimo. Alale."

Sikumuuliza sababu. Nilijua kwa nini aliuachia mkono wangu kilioni. Nilijua macho yake kwenye mlango wa stoo yalikuwa yanamwona nani. Niligeuka kwa Donatien, nikasema kwa nguvu, kila mtu asikie, kwamba malipo yangu ni hayo, Tino ashuke na alale, na kwamba si mimi ninayeyataka, ni Solange wa stoo. Donatien alimtazama Solange. Alimtazama Tino. Alilitazama jeneza la mama yake, na nikaona jinsi jambo lilivyomfikia.

"Shuka," akamwambia Tino.

Tino alicheka, akatafuta macho ya kucheka naye, hakupata. Akasema kwamba ile ni michezo ya wazee, kwamba yeye ni naibu. "Shuka," Donatien akasema tena. Akashuka, na viatu vyake, na suti yake ya buluu, akalala chali katika udongo mwekundu. Solange alikwenda mpaka ukingoni. Alisimama. Hakutema mate, hakutupa jiwe, hakusema kile Tino alichomfanyia. Alimtazama tu kutoka juu, vile mtu anavyotazama sufuria kuona kama chakula kimeiva, na watu wote, wamama, vijana, wenye kamera, walimtazama Solange, halafu wakamtazama yule aliye chini, na wakaelewa mmoja baada ya mwingine. Nzi walimtua Tino usoni na hakuthubutu kuwafukuza. Aliuliza kama anaweza kutoka. Watu walimgeukia Solange, maana ruhusa haikuwa yetu. Solange alingoja mpaka midomo ya Tino ikaanza kutetemeka.

"Toka," akamwambia. "Ni kitanda ya Mama Febronie."

Tulimzika rafiki yangu. Na nilipoondoka nilibeba kile kiti, kichwani, kama sufuria, hakuna aliyenizuia. Mto mwekundu niliuchoma kwenye mbabula. Kiti chenyewe ni kizuri, mukula safi, hakina kosa. Solange anakikalia anaposhona.